Chapati Nne Nilizopika kwa Siri Nyumbani kwa Nekesa

Aibu hii nimekaa nayo tangu mwaka jana na sijamsimulia mtu yeyote hapa Sirisia, hata Respah jirani yangu ambaye tunaambiana mpaka ndoto, lakini leo nimeamua acha niiseme kwa mdomo wangu mwenyewe kabla haijafika huku ikiwa imeongezwa chumvi na watu wa Kitale. Mkitaka kucheka chekeni. Mimi mwenyewe kuna siku nacheka, ingawa kicheko kikiisha nabaki nimekaa tu nikitazama jiko.

Mambo yalianza na ngano. Binti yangu wa mwisho, Nekesa (nilimpa jina la mama yangu, ndiyo maana mpaka leo namwita mayi, yaani mama, na mimi ndiye niliyemzaa), anafanya kazi ya ofisi kule Kitale, na miaka minne iliyopita aliugua tumbo akakonda mpaka sketi ikawa inamzunguka kiunoni. Madaktari wakampitisha mpira wenye taa mdomoni mpaka tumboni, wakatoka na jibu kwamba mwili wake haupatani na kitu kinaitwa gluteni, ambacho kiko ndani ya ngano. Nilimwuliza hiyo gluteni ni mdudu gani. Akaniambia, "Mama, ni ule unato unaofanya unga wa chapati ukivutwa uvutike bila kukatika." Nikaitazama mikono yangu. Maana kule kuvutika ndiko nimekutafuta kwa mikono hii miaka hamsini, mama mkwe wangu Rasoa alinifundisha kukanda mpaka unga uwe laini kama ndewe ya sikio, na sasa naambiwa hicho ndicho kinachomwua mtoto wangu.

Niwaambie ukweli, sikuamini. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini macho ninayo, na nilikuwa naona vile watu wa mjini kila mmoja ana kitu chake cha kukataa: huyu hali sukari, yule hali jioni, mwingine anakunywa maji ya ndimu kila asubuhi ati yanayeyusha kitambi. Nikaiweka ngano ya Nekesa kwa kapu hilo hilo. Respah akaniunga mkono, akasema, "Ni maringo tu, Mama Nekesa, mpe muda yatamtoka."

Hayakumtoka. Krismasi akawa anakuja na chakula chake, na sufuria yake, na mwiko wake, anapika nje kwa jiko la makaa kisha anakaa mwisho wa meza na sahani yake kama mgeni aliyekosea boma. Nilipomwuliza kwa nini hawezi hata kuonja mboga zangu akasema polepole, "Usikasirike Mama, jikoni mwako kuna vumbi la ngano kila mahali." Vumbi. Jikoni mwangu. Sikulala vizuri wiki nzima.

Na si kwamba nilitaka kumlazimisha. Ni kwamba nilikuwa nakumbuka. Wakati baba yake Wanyama alikuwa hai, chapati tulikuwa tunapika Krismasi peke yake, na Nekesa akiwa mdogo alikuwa anakaa kando yangu juu ya debe lililopinduliwa, kazi yake ni kufinyanga madonge, na chapati ya kwanza kutoka motoni ilikuwa yake hata kama kuna wageni. Nilikuwa naichana, napuliza, naweka kwa kiganja chake, naye anakula amefunga macho. Wengine wote saba walikula chapati zangu pia (Wafula, Simiyu, Nasimiyu, Wekesa, Nanjala na mapacha), lakini hakuna aliyefunga macho. Hicho tu ndicho nilikuwa nataka kabla nife, mtoto wangu ale kitu kutoka kwa mkono wangu, hata kama ni kiazi.

Basi mwaka jana, wakati wa kupalilia mahindi, akanipigia simu niende Kitale nikae naye wiki mbili. Nilifika jioni tukalala, na asubuhi akaniwekea chai akaniuliza, "Mama, nikununulie mkate wako? Nitauweka kando, na kisu chake." Nilipouona huo mkate kwa akili yangu, umekaa kando na kisu chake, na mimi nimekaa kando na mkate wangu, mdomo ukasema kabla sijautuma.

"Mkate wa nini? Mimi pia niliacha ngano."

Akaniangalia. "Uliacha lini?"

"Tangu Pasaka. Ilikuwa inaniumiza magoti."

"Na sasa magoti?"

"Yalipona."

(Magoti yenyewe yalikuwa hapo chini ya meza yakisikia hayo yote.)

Nekesa aliweka kikombe chini, akaja akanikumbatia kwa nyuma, shavu lake juu ya kitambaa changu cha kichwa. Kisha akasema, "Basi leo jioni pika wewe." Miaka minne, wenzangu. Akanizungusha jikoni akinionyesha kila kitu, akaniambia humo ndani ngano haijawahi kuingia, hasa kwa kikaango kimoja cha chuma, kizito, alichokinunua alipotoka hospitali kwa ajili ya chapati za wimbi. Jioni hiyo nilisonga ugali wa wimbi na kupika mrenda, tukala sahani moja, vidole vyangu vikigusana na vyake. Hapo ndipo ningesema ukweli na ungekuwa mzaha mdogo wa kuchekesha. Sikusema. Nilikuwa nimeshiba na furaha, na mtu aliyeshiba hana haraka.

Kufika Jumatano alikuwa ameshawaambia watu. Kule Kitale ana kikundi cha akina mama wa kanisa walioacha ngano, wanaokutana Jumamosi kufundishana habari za chakula, na Jumamosi hiyo ilikuwa zamu ya nyumba yake. Walikuja kumi na mmoja na majina yao ninayo yote: Everlyne aliyekuwa muuguzi akastaafu, Jentrix bibi ya mwalimu mkuu, Phanice mjane anayesaga unga wa wimbi ambao wote wananunua, halafu Jane wawili, Goretti, Sabina, Chebet, Consolata, Abigael na Metrine. Nyinyi mkumbuke wale watatu wa kwanza tu, inatosha. Kati yao wote ni Nekesa peke yake aliyeambiwa na daktari. Wengine kila mtu alikuwa na sababu yake, Jentrix kwa mfano alitaka aingie kwa nguo aliyovaa harusi ya dada yake. Na mimi, ambaye sababu yangu ilikuwa uongo, ndiye nilipangiwa kutoa ushuhuda.

Sasa Jumamosi asubuhi Nekesa akaenda soko kutafuta kuku na mboga, nikabaki peke yangu. Dirisha lilikuwa wazi. Na ng'ambo ya ua, majirani wakaanza kupika chapati.

Mimi si mlafi, Respah anaweza kuwaambia. Lakini ile harufu ya unga ukishika moto na mafuta haikuja na njaa, ilikuja na Wanyama amekaa mlangoni akiuliza bado kiasi gani, na watoto wote nyumbani, hakuna aliyeolewa, hakuna aliyezikwa. Nilisimama pale dirishani mpaka nikajikuta nimevaa viatu. Nikaenda kwa kioski cha kona nikanunua pakiti ndogo ya unga wa ngano, nikaificha chini ya leso kama mtu ameiba, nikakanda, nikachukua kile kikaango kizito (sufuria zake ni nyepesi, zinachoma) na nikapika chapati nne. Tatu nilikula nimesimama. Ya nne nilikunja mara mbili nikaifunga kwa leso nikaizamisha chini kabisa ya mkoba wangu.

Halafu nikasafisha. Meza nilipangusa, sakafu nilipangusa, bakuli nikaosha mara mbili. Na kikaango nikakifanyia vile Rasoa alinifundisha na vile kila mwanamke wa kwetu anajua: kikaango cha chapati hakioshwi na sabuni, ukiosha kinaanza kushika. Kinapanguswa kingali moto kwa chumvi na kitambaa, mafuta yanabaki ndani ya chuma, kinarudishwa. Nilikipangusa mara tatu. Kiling'aa. Kwa akili yangu moto ulikuwa umemaliza kila kitu.

Nekesa akarudi, akasema, "Mama, hebu tupike chapati za wimbi za wageni." Yeye akakoroga, mimi nikakaanga. Na ile ya kwanza, wenzangu, niliichana, nikaipuliza, nikaweka kwa kiganja chake. Alikula amesimama karibu na jiko, amefunga macho, mwanamke wa miaka arobaini na mbili. Akasema, "Hii ina ladha ya nyumbani." Akachukua nyingine. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi mpaka nikageuka upande asinione.

Wageni wakaja, tukaomba, wakala, chapati za wimbi zikasifiwa, Phanice akatoa pakiti za unga kwa kikapu chake akagawa kwa walioagiza. Kisha Nekesa akasimama akasema mama yake ana neno la magoti. Nikasimama. Nilikuwa nimepanga kusema maneno mawili nikae, lakini mjue vile ushuhuda unavuta, ukiona watu wanatikisa kichwa unaongeza. Nikasema nilikuwa natembea na fimbo. Nikasema fimbo nimeitupa. Nikasema hata juzi nilipanda Kapsokwony kwa miguu, ile njia ya mlima ambayo pikipiki yenyewe abiria anashuka asukume. Wakapiga makofi. Jentrix akaniambia, "Kukhu (ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu), hebu chuchumaa kidogo tuone."

Nikachuchumaa. Nilienda chini vizuri kabisa. Kuinuka ndiyo ikakataa. Nikashika mguu wa meza nikatabasamu kama mtu anayependa pale chini, nikiomba kimoyomoyo aje mtu azungumze kitu kingine, na ombi hilo likajibiwa vibaya: Nekesa aliinama, akashika tumbo, uso ukawa rangi ya majivu, akakimbilia choo. Wanawake wote wakamfuata. Mimi nikaachwa sebuleni nimechuchumaa peke yangu na picha ya Wanyama ukutani ikinitazama.

Nilipofanikiwa kujivuta mpaka nikasimama, walikuwa wamerudi, Nekesa ameegemea mlango na beseni mkononi. Everlyne akaanza kumwuliza kama muuguzi.

"Umekula nini leo ambacho hukupika hapa?"

"Hakuna."

"Hapa ulikula nini?"

"Chai. Chapati za wimbi."

Macho ya watu yakaenda kwa Phanice polepole.

"Phanice," Jentrix akasema, "wimbi hii uliisaga kwa mashine gani?"

"Yangu. Ile ile ya kila siku."

"Ama ulisagia watu ngano ukasahau?"

"Mashine yangu haijawahi kuona ngano. Mnanijua."

"Tulikuwa tunakujua. Lakini mwili wa Nekesa haudanganyi."

Goretti akairudisha pakiti yake mezani. Sabina naye. Phanice hakubishana tena, alianza kuzirudisha kwa kikapu moja moja, nyingine ikamwanguka akaiokota, na huyo mama tangu mumewe Barasa afariki unga huo ndio unamlea. Na Nekesa alikuwa anamtazama kwa macho ya mtu aliyesalitiwa na rafiki.

Nilijua nikifungua mdomo, mkono wangu hautamlisha Nekesa tena. Nilijua hivyo wazi kabisa. Nikahesabu mpaka pakiti ya tano.

"Si Phanice," nikasema. "Ni mimi. Leo asubuhi nilipika chapati za ngano kwa hicho kikaango."

Mnajua walifanya nini? Hawakuamini. Everlyne alikuja akanishika bega. "Kukhu, una moyo mzuri, lakini usijitwike mzigo wa mtu."

"Wazee wako hivyo," Consolata akasema, "wanataka tu amani."

"Na si umetuambia sasa hivi huli ngano?" Jentrix akasema. "Kaa chini, Kukhu, utachoka."

Hapo ndipo nilijua kwamba uongo ukiusema vizuri sana hata wewe mwenyewe huwezi kuuvunja kwa maneno. Nikaenda chumbani, magoti yakilia kila hatua, nikaleta mkoba, nikaanza kutoa vitu mbele yao: miwani, kitabu cha nyimbo, mafuta ya kujipaka, soksi za Simiyu ambazo sijui ziliingiaje humo, pakiti ya unga wa ngano iliyobaki nusu, na mwisho leso. Nikaifungua. Chapati ilikuwa imepoa, imekunjwa, mafuta yamechora duara kwenye kitambaa. Nikaiweka mezani katikati ya pakiti za Phanice.

Metrine ndiye alianza kucheka, amejiziba mdomo, kisha Chebet, kisha nyumba nzima. Jentrix akauliza huku anapangusa machozi, "Na magoti, Kukhu?"

"Yanauma. Hata sasa yanauma. Kapsokwony nilienda mara ya mwisho na marehemu mzee, na tulienda kwa gari."

Nikamshika Phanice mkono mbele ya wote nikamwomba msamaha. Akasema, "Nimekusamehe Kukhu, lakini ungechelewa kidogo tu ningekuwa nimefika getini, na hapa nisingerudi." Hakucheka na wenzake.

Nekesa pia hakucheka. "Ulikiosha kikaango?"

"Nilikipangusa, mayi. Kwa chumvi. Si unajua kikaango cha chapati haki..."

"Mama. Ulikiosha?"

"Hapana."

Akaingia chumbani kwake akafunga mlango, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Aliumwa siku mbili. Nilikaa kwa kiti kando ya kitanda nikaona kwa macho yangu kile nilichoita maringo miaka minne, vile kinamkunja, vile jasho linatoka mtu akiwa anatetemeka na baridi. Everlyne alikuwa anakuja na uji ameupika kwake. Hakuna aliyenikataza jikoni. Nilikaa tu mbali nako.

Siku ya tatu akaongea, anaangalia dari. "Kwa nini ulisema uliacha?"

"Nilitaka tule pamoja."

"Tungekula pamoja, Mama. Mkate wako ungekuwa pale, na mimi ningekuwa hapa, tunaongea. Mimi sikukutaka uache kitu."

Hilo sikuwa nimelifikiria hata siku moja. Umri wote huu, nilidhani kula pamoja ni kula kitu kimoja.

Aliponisindikiza stendi alinipa kikaango kile kizito kwenye mfuko wa karatasi. Akasema hakimfai tena, nikitumie. Akanikumbatia, lakini kwa haraka.

Sasa mtaniuliza, hizi lishe mpya zina maana ama ni upuzi? Mimi naona hivi. Jentrix alishaachana na yake, nasikia siku hizi amehamia kwa nyingine ya kula mayai peke yake, na nguo ya harusi bado haijamwingia, na hakuna ubaya, ni kama mtindo wa nywele. Wimbi yenyewe ni chakula chetu cha zamani, tulikuwa tunaila tukilia chapati, leo inauzwa kwa pakiti yenye picha na watu wanajisifu nayo. Huko kote mnaweza kucheka na mimi nitacheka na nyinyi. Lakini mtu akikuambia mwili wake unakataa kitu, usimpime kwa tumbo lako. Mwamini kwanza, na ukiwa jikoni mwake uliza kila kitu mpaka akuone mjinga. Na mimi sitatoa ushuhuda tena wa kitu chochote, hata cha mvua kunyesha.

Nekesa bado hajala kwangu. Krismasi alikuja, akapika yake, sikununa. Ila tangu hapo ameanza jambo moja. Jioni akiketi kula kule Kitale ananipigia, anaweka simu mezani, na mimi naweka yangu kando ya sahani, tunakula. Nasikia kijiko chake. Yeye anauliza ninakula nini, na mimi namwambia ukweli, hata ukiwa mchungu.

Juzi aliniuliza, nikasema, "Leo ni chapati, mayi." Akanyamaza muda mrefu mpaka nikadhani simu imekatika, nikaanza kujilaumu kwamba ningesema ni viazi. Kisha akasema, kwa sauti ya chini ambayo sijaisikia tangu akiwa mtoto, "Ichane karibu na simu nisikie."

Nikaichana.

"Ina tabaka ngapi?"

Nikahesabu kwa kidole, nikamwambia.

"Inanukia vipi, Mama? Niambie polepole."

Nikamwambia polepole. Chai ikapoa, na chapati pia ikapoa mkononi, na bado alikuwa anauliza.